Dakika 30 za kusubiri baada ya sindano ya mzio

Malalamiko yanayotufikia kwa wingi katika kliniki ya mzio yanahusu muda: sindano huchomwa haraka, kisha mgonjwa hutakiwa kukaa kwenye benchi dakika 30 kamili. Utaratibu huo hautalegezwa.

Tiba hii, ambayo Leonard Noon na John Freeman waliianzisha katika hospitali ya St Mary's, London, na matokeo yake ya kwanza kuchapishwa mwaka 1911, humpa mgonjwa kitu kilekile kinachomdhuru, iwe chavua ya nyasi au utitiri wa vumbi la nyumbani, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa hatua kwa hatua hadi mwili ukizoee. Ndiyo maana koo linaweza kuvimba, kifua kubana na presha kushuka ghafla, na athari nyingi za aina hiyo hujitokeza ndani ya nusu saa, wakati ambapo adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iko mezani kwetu na si kwenye daladala. Nchini Uingereza, taarifa ya mwaka 1986 ilieleza vifo 26 vilivyotokana na sindano hizi tangu 1957. Kati ya marehemu 17 ambao ugonjwa uliotibiwa ulijulikana, 16 walikuwa na pumu.

Kwa hiyo mwenye pumu hupuliza kipimo cha pumzi kabla ya kila sindano, na aliyekohoa usiku kucha huahirishiwa. Kumjibu muuguzi “niko sawa” ili usipoteze nauli ni kujihatarisha mwenyewe. Mtajie pia dawa za presha unazotumia.

Sindano hutolewa kila wiki mwanzoni, baadaye kila mwezi, kwa miaka isiyopungua 3. Anayekosa miadi hupunguziwa dozi. Anayepotea kwa muda mrefu huanza upya, hata akiwa na haraka kiasi gani.

Tumechoka kuulizwa, na tunasema haya kwa heshima, kuhusu “sindano ya aleji ya mara moja kwa mwaka”. Hiyo ni steroidi: hutuliza mafua ya mzio kwa wiki chache, hupandisha sukari, na haiufundishi mwili chochote.

Wanaopata tiba hii kwa vidonge vya kuweka chini ya ulimi hutumia dozi ya kwanza mbele yetu na kusubiri dakika 30 zilezile. Dozi nyingine hutumiwa nyumbani kila siku, na mwasho wa mdomo siku za mwanzo ni wa kawaida. Pampu ya pumu isiachwe.

Atakayeondoka kabla ya kukaguliwa mkono hatapewa sindano inayofuata mpaka aonane na daktari.