Majibu mawili ya homa ya ini C: mjamzito ayaeleweje?

Mjamzito anapimwa kliniki, anaambiwa ana homa ya ini aina ya C. Anarudia maabara nyingine, anaambiwa hana. Hapo ndipo usingizi unapopotea, na wapo wanaoanza hata kumshuku mume. Kabla ya kufika huko, ulizeni: kila maabara ilipima nini? Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi.

Kipimo cha kwanza, hasa kile cha haraka cha tone la damu, hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na virusi. Askari hao hubaki kwenye damu miaka mingi hata virusi vikiisha. Na huisha kweli: takriban watu 3 kati ya 10 hupona wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa. Aliyetibiwa akapona naye huendelea kuwa na kingamwili.

Kipimo cha pili hutafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe, RNA. Hiki ndicho kinachosema kama maambukizi yapo sasa. Kingamwili chanya na RNA hasi maana yake, kwa kawaida, ni kwamba mama hana ugonjwa kwa sasa: ama alishapona, ama kipimo cha kwanza kilikosea.

Kukosea huko si ajabu kama wengi wanavyodhani. Tuseme tunapima wajawazito 1,000, wenye maambukizi wakiwa 5 tu, kwa kipimo kinachokosea mara 1 katika kila 100. Tutapata majibu chanya ya uongo karibu 10, mara mbili ya yale ya kweli! Ndiyo maana naona si haki kumwambia mama "unaugua" kwa kipimo cha kingamwili peke yake.

Kinyume chake pia hutokea. Aliyeambukizwa karibuni huweza kuonyesha RNA wiki 1 hadi 2 baada ya kuambukizwa, ilhali kingamwili huchelewa wiki 8 hadi 11. Kwa hiyo kama kuna sababu ya kuhofia maambukizi mapya, kwa mfano kuchomwa sindano iliyotumika, jibu hasi la kingamwili halitoshi.

RNA ikiwa chanya, mama anao virusi na anahitaji kufuatiliwa ini. Hata hivyo, watoto wanaoambukizwa ni takriban 5 au 6 kati ya 100. Hatari huongezeka mama akiwa pia na VVU. Homa ya ini C peke yake si sababu ya kujifungua kwa upasuaji, wala haizuii kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu: hapo asitishe hadi zipone. Dawa za vidonge za wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, na kwa kawaida huanzwa baada ya kujifungua na kumaliza kunyonyesha.

Mtoto naye asipimwe kingamwili mapema. Huzaliwa na zile za mama yake, na zinaweza kukaa hadi miezi 18. Akipimwa kabla ya hapo, kipimo kiwe cha RNA, kuanzia umri wa miezi 2.