Pwani Haina Mstari Mmoja: Kupanga Ardhi Mbele ya Bahari Inayopanda

Katika mpango wa kwanza wa matumizi ya ardhi ya pwani nilioshiriki kuuandaa, ukingo wa bahari ulinakiliwa kutoka kwenye ramani iliyopimwa zaidi ya miaka 30 kabla yetu. Tulipima umbali kutoka kwenye mstari huo, tukatenga eneo la wazi, kisha tukachora viwanja na barabara nyuma yake. Kazi ya mezani ilipokwisha, nilikwenda uwandani na mpima siku ya bamvua, maji ya bahari yanapojaa kuliko kawaida, kutafuta bikoni, yaani nguzo fupi za saruji, za upimaji ule wa zamani, ili tuziunganishe na viwanja vipya. Mbili tulizikuta zimesimama katika maji ya magotini. Ya tatu ilikuwa imelala ubavu mchangani, na saruji yake ilikuwa imeota chaza. Safu yetu ya mbele ya viwanja, ambayo kwenye karatasi ilikuwa mbali na maji, ilikuwa imebakiwa na hatua chache tu hadi kwenye povu la mawimbi.

Waliopima zamani walipima sawasawa, nasi tulinakili sawasawa. Kilichokosekana ni tarehe. Tangu siku ile nimeshikilia jambo moja katika kazi yangu: mpango wa ukanda wa pwani hauna budi kutaja muda pamoja na mahali. Ramani ya kawaida ya mipangomiji husema hapa patakuwa makazi na pale patakuwa hifadhi, na msomaji huchukulia kwamba mgawanyo huo ni wa kudumu. Pwani ardhi yenyewe inahama, kwa hiyo kila kanda inapaswa kueleza itatumika hivyo hadi lini, au hadi maji yafikie kiwango gani, na baada ya hapo itageuzwa kuwa nini.

Kiasi cha mabadiliko kinajulikana vya kutosha kuanza kupanga. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba kasi imeongezeka kutoka milimita 1.3 kwa mwaka katika sehemu ya kwanza ya kipindi hicho hadi milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Kufikia mwaka 2100, makadirio ni kati ya sentimita 28 na 55 endapo gesijoto zitapunguzwa kwa haraka sana, na kati ya sentimita 63 na mita 1.01 endapo zitaendelea kuongezeka kwa wingi. Bahari haitasimama mwaka huo, kwa sababu maji ya kina kirefu huchukua muda mrefu kupata joto na kutanuka, na barafu kubwa za Greenland na Antaktika huitikia joto polepole.

Watu wanaposikia nusu mita huona ni kidogo, nami huwaelewa, maana nusu mita haifiki hata kiunoni. Lakini kwenye ufuo wenye mteremko wa 1 kwa 100, yaani unaoinuka mita 1 katika kila mita 100, maji yakipanda nusu mita husogea mita 50 kuelekea nchi kavu, na hapo bado hatujahesabu mchanga utakaochukuliwa na mawimbi. Jambo kubwa zaidi ni marudio. Mafuriko ya bahari hutokea pale mambo mawili yanapokutana: bamvua na upepo wa dhoruba unaosukuma maji nchi kavu. Mahali ambapo tofauti kati ya bamvua ya kawaida na mafuriko makubwa ni ndogo, kama ilivyo katika pwani nyingi za tropiki, ongezeko dogo la usawa wa bahari hutosha kulifanya tukio la nadra kuwa la kila mara. Ripoti maalumu ya IPCC kuhusu bahari, iliyotolewa mwaka 2019, ilisema kwamba viwango vya maji vilivyokuwa vikionekana mara moja katika karne vitaonekana kila mwaka ifikapo 2050 katika sehemu nyingi, hasa za tropiki. Mtu akipewa kibali cha kujenga leo, nyumba yake itakuwa bado imara siku hiyo.

Ndiyo maana namsihi kila anayeandaa mpango wa pwani atembee ufukweni angalau mara mbili, wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, na wakati wa bamvua, kabla hajachora chochote. Ufuo una mistari mingi kwa anayetazama kwa makini. Upo ukanda wa mwani na vijiti ulioachwa na maji ya jana usiku. Juu yake upo mstari wa bamvua, unaotambulika kwa mwani mkavu uliogeuka rangi. Juu zaidi huanza mimea inayotambaa mchangani, na mizizi yake ikiwa inaning'inia hewani, ujue ufuo unaliwa. Mstari wa nne hauonekani; unapatikana kwa kuwauliza wazee wa mahali, nao watakuonyesha ukutani maji yalipofika mwaka wa dhoruba fulani. Mpango unaposema “umbali kutoka baharini” bila kueleza unapimwa kutoka mstari upi kati ya hiyo, umekwisha kuacha mlango wazi kwa kesi za mahakamani.

Lazima pia kuangalia ardhi inakoelekea. Sehemu za mashariki ya Tokyo zilididimia kwa zaidi ya mita 4 katika karne ya 20 kutokana na kuvuta maji ya chini ya ardhi, na hali ikatulia baada ya uvutaji huo kudhibitiwa. Maeneo ya kaskazini mwa Jakarta yamekuwa yakishuka kwa sentimita kadhaa kila mwaka, yaani kwa kasi inayozidi mara nyingi ile ya bahari kupanda. Kwa mpangaji hii ni habari yenye matumaini kuliko inavyosikika, kwa kuwa kupanda kwa bahari hatuwezi kukuzuia katika ofisi ya ardhi, lakini vibali vya visima virefu tunaweza. Mchanga nao una historia yake nje ya mipaka ya mpango. Delta ya Nile ilianza kupoteza kingo zake kwa kasi baada ya Bwawa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, kuzuia mashapo, yaani tope na mchanga wa mto, yaliyokuwa yakiijenga, na ufuo wa mdomo wa Rashid, mmoja wa midomo ya mto huo, ukarudi nyuma kwa kilomita kadhaa. Mpango unaoishia kwenye mpaka wa halmashauri ya pwani hautaligusa bwawa lililo mamia ya kilomita juu ya mto.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini tusijenge ukuta tu. Kuta zina mahali pake, na bandari au kitovu cha mji mkubwa haviwezi kuhamishwa kirahisi. Lakini nieleze ukuta unavyofanya kazi. Wimbi linalovunjika kwenye ufuo wa mchanga hupanda mteremko na kuishiwa nguvu. Likigonga ukuta wima hurudishwa na nguvu zake, likachimba mchanga ulio chini ya msingi, na baada ya miaka kadhaa ufuo mbele ya ukuta hutoweka huku msingi ukianza kuning'inia. Mchanga uliokuwa ukimomonyoka hapo ndio uliokuwa ukisafiri na mkondo kwenda kulisha ufuo wa jirani. Ukizuiwa, jirani huanza kuliwa, naye hudai ukuta wake. Nimeona kipande kirefu cha pwani kikizibwa namna hii, kiwanja baada ya kiwanja, bila uamuzi wowote wa jumla kufanywa. Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho: nyuma ya ukuta watu hujiona salama, hujenga zaidi, na siku ukuta unapozidiwa, walio hatarini huwa wengi kuliko mwanzo.

Mikoko inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu mara nyingi hupakwa rangi ya kijani kwenye ramani na kusahauliwa. Ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 100 unaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea msongamano wa miti na kina cha maji. Tofauti na ukuta, msitu huo unaweza kukua kwenda juu pamoja na bahari. Mizizi hupunguza mwendo wa maji, tope hutua, majani na mizizi iliyokufa hujazana, na sakafu ya msitu huinuka. Uwezo huo una kikomo: tafiti za mashapo ya kale zinaonyesha kwamba bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 au 7 kwa mwaka, mikoko haiwezi tena kujiinua kwa kasi hiyo. Hapo hubakiwa na njia moja, nayo ni kuhamia nchi kavu, mche mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi. Ukisimama kwenye ukingo wa juu wa msitu wenye afya utaiona safari hiyo, maana miche hutokeza katika chumvi ya uwanda ulio wazi, mahali ambapo mwaka jana palikuwa pakavu. Sasa weka barabara au uzio nyuma ya uwanda huo. Maji yanapanda kutoka mbele, nyuma pamezibwa, na msitu unabanwa katikati hadi uishe, ingawa hakuna aliyekata hata mti mmoja. Kwa hiyo mpango unaolinda mikoko iliyopo leo peke yake haujailinda. Unapaswa kutenga pia ardhi kavu iliyo nyuma yake, ambayo bado haina mkoko hata mmoja, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kumweleza mwenye kiwanja.

Sheria za nchi mbalimbali zimejaribu kulijibu suala la umbali kwa njia tofauti. Itifaki ya usimamizi wa pwani za Mediterania, iliyosainiwa Madrid mwaka 2008, inaweka ukanda usiojengwa wa angalau mita 100 kutoka kiwango cha juu kabisa cha maji ya majira ya baridi, ikiruhusu marekebisho kwa masharti. Kipimo kimoja kwa wote ni rahisi kusimamia, lakini mita 100 kwenye jabali ni nyingi na kwenye uwanda wa tope ni chache mno. Jimbo la Texas huko Marekani lilikwenda njia nyingine. Kwa sheria yake ya mwaka 1959 ya fuo za umma, haki ya wananchi kutumia ufuo ilichukuliwa kuwa inasogea pamoja na mstari wa mimea. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba haki hiyo haihami pale dhoruba inapoukata ufuo kwa ghafla. Mimi naegemea mpaka unaohama, uandikwe wazi katika hati na kibali tangu siku ya kwanza, na utaje kwa maneno pia mabadiliko ya ghafla, maana dhoruba ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuhamisha ufuo.

Kuhusu miundombinu sitasema mengi, ila bomba la maji na barabara ya lami ndivyo vinavyoamua watu wakae wapi, hata pale ramani inaposema vinginevyo. Nyumba inaweza kubomolewa baada ya miaka 50, lakini mpangilio wa mitaa hudumu karne nyingi. Kituo cha umeme, hospitali na mtambo wa majitaka nisingeviweka katika ardhi ya chini hata kama kiwanja kitatolewa bure.

Kwa kuwa hakuna ajuaye bahari itafuata kadirio lipi, mipango bora zaidi niliyoisoma haikufungwa na mwaka bali na kiwango cha maji. Mpango wa mlango wa mto Thames, unaopita London, uitwao Thames Estuary 2100, uliopitishwa mwaka 2012, una njia kadhaa za kuchagua, pamoja na vipimo vya kufuatilia vinavyoonyesha lini ni lazima kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine, na ardhi inayoweza kuhitajika baadaye huhifadhiwa mapema. Huko Medmerry, kusini mwa Uingereza, kizuizi cha zamani cha bahari kilikatwa kwa makusudi mwaka 2013, baada ya kujengwa tuta jipya la kilomita 7 ndani zaidi. Ardhi iliyo katikati ikageuka kuwa kinamasi cha chumvi kinachopunguza mawimbi kabla hayajafika kwenye tuta.

Kurudi nyuma kwa namna hiyo ni rahisi palipo na mashamba. Palipo na makazi, utaratibu wa watu hutangulia mstari wa ramani. Kijiji cha Fairbourne huko Wales kilijikuta kimetajwa katika mpango kama mahali ambapo ulinzi dhidi ya bahari utakoma miongo michache ijayo, kabla wakazi hawajaambiwa wataenda wapi na nani atawalipa. Thamani ya nyumba zao ilishuka mara moja, miaka mingi kabla ya maji kufika. Kijiji cha Vunidogoloa huko Fiji nacho kilihamishwa mwaka 2014 hadi mahali palipo takriban kilomita 2 ndani, kwenye ardhi ya wanakijiji wenyewe, baada ya wao kuomba msaada na kushiriki katika maamuzi. Tangu nilipolinganisha visa hivyo viwili, siwasilishi tena ramani yenye kanda ya kuhama bila kuweka kwenye karatasi hiyohiyo ardhi itakayowapokea wanaohama, ikiwa imepimwa, imepatiwa maji na njia, na ikiwa na jina la atakayegharimia.