Kipa haruki ovyo: tunayoyaamini kuhusu walinda mlango

Kwenye chandimu, mpira wetu wa mtaani, sheria ilikuwa moja: asiyejua mpira anakwenda golini. Tumekua, tukaihamishia sheria hiyo uwanjani, na sasa tunamhukumu nayo mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

"Kipa ni aliyeshindwa kucheza ndani"

Zamani ungeweza kuitetea kauli hii kidogo. Hadi 1992, beki aliyebanwa alimrudishia kipa mpira, kipa akaudaka, mchezo ukapoa. Mwaka huo sheria ikabadilika: mpira ambao mwenzako amekurudishia kwa mguu kwa makusudi, hushiki kwa mikono. Tangu hapo kipa asiye na miguu amekuwa mzigo. Mtazame Djigui Diarra, Mmali aliyetua Yanga mwaka 2021. Washambuliaji wawili wanamkimbilia, yeye anaupenyeza mpira katikati yao, jukwaa zima limeshika roho. Kuna siku inamgharimu, sibishi. Ila ndiyo kazi ya kipa wa leo.

"Kipa hodari anaruka sana"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na magazeti yameikuza, maana picha tamu ni ya kipa aliye hewani. Goli lina upana wa mita 7.32, na kutoka chini hadi mtambaa panya ni mita 2.44. Hakuna binadamu wa kuliziba lote. Kinachowezekana ni kulipunguza: kipa anasogea hatua mbili mbele, moja kushoto, na mpigaji anajikuta hana pa kupitisha. Mara nyingi anayeruka sana ni yule aliyesimama pabaya. Ukiona shuti limeishia kifuani kwa kipa kama amerushiwa mkate, usikimbilie kusema lilikuwa jepesi.

Penalti zinatuumbua zaidi. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa humaliza mita 11 kwa sekunde 0.4 hivi, kwa hiyo kipa lazima aamue mapema. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli walichapisha uchunguzi wa penalti 286. Karibu 3 kati ya kila 10 zilipigwa katikati, lakini makipa walibaki katikati mara 6 tu kwa kila 100. Maelezo yao yalikuwa kwamba kipa akifungwa amesimama ataitwa mzembe, akifungwa ameruka watu watasema angalau alijaribu. Yaani sisi wa jukwaani ndio tunaomrusha.

"Mfupi hafai"

Urefu unasaidia kwenye krosi na kona, hilo halina ubishi. Lakini Tanzania nzima inamjua Juma Kaseja, ambaye kimo chake kilisemwa kila mahali. Mwaka 2003 akiwa kijana mdogo alisimama langoni mwa Simba mjini Cairo, matuta (penalti za kuamua mshindi) yakapigwa, Zamalek waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika wakatolewa. Mwaka 2019, wengi walipokuwa wameshamzika, alirudi Taifa Stars, na Burundi ikatolewa kwa matuta 3-0 kwenye kufuzu Kombe la Dunia.

"Akifika 35 amekwisha"

Kwa winga, labda. Kipa hakimbii kama winga, na kinachompa thamani ni kusoma mchezo, jambo linalokuja kwa miaka. Dino Zoff aliinua Kombe la Dunia la 1982 akiwa nahodha wa Italia, umri miaka 40. Robert Kidiaba wa Lubumbashi, yule wa kushangilia kwa kurukaruka na makalio, alipata nafasi ya tatu AFCON 2015 na DR Kongo akiwa na miaka 39. Essam El-Hadary wa Misri alicheza mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 45, akapangua penalti. Dakika chache baadaye Saudi Arabia wakapewa nyingine, hiyo ikaingia. Kipa hapewi muda wa kusherehekea.

"Kipa wa akiba anakula mshahara wa bure"

Kiungo akikosa namba anahamishiwa pembeni. Kipa hana pa kuhamia: nafasi ni moja, na mwenye nayo akiwa mzima unaweza kusugua benchi miaka. Emiliano Martínez alifika Arsenal 2010 akiwa kijana, akazungushwa kwa mkopo klabu hadi klabu, na nafasi ya kweli ikaja 2020 kipa namba moja, Bernd Leno, alipoumia. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia na Argentina, na tuzo ya kipa bora mkononi. Miaka yote ile alipaswa kufanya mazoezi kana kwamba kesho anacheza. Jaribu hilo kazini kwako.

"Kipa hawezi kuwa kocha mkuu, hajui mpira wa mbele"

Kipa anaona uwanja mzima dakika 90, wenzake wote wakiwa mbele yake. Tukirudi Cairo 2003: kwenye benchi la Simba alikuwa kocha James Siang'a, Mkenya. Enzi zake za kucheza alikuwa kipa wa Harambee Stars.