Ngome si kasri, na kasri si kila jumba

Wiki iliyopita mpwa wangu alinisogezea simu nitazame video ya majumba ya kale ya Uingereza. Msimulizi anazungumza Kiswahili safi, lakini kila jengo linalopita analiita "ngome". Likapita Castle Howard la Yorkshire: kuba kubwa, bustani, madirisha marefu yamejipanga ukuta mzima. "Mjomba, ngome hii wakinipa nahamia kesho," akasema kijana. Si wa kwanza kusema hivyo. Nimelisikia neno hilo likitumiwa vibaya mara nyingi mno, na leo nalisema.

Ngome ni jengo la vita, la kuzuia adui. Kasri ni makazi ya mfalme au sultani. Jumba ni nyumba kubwa ya yeyote aliyeweza kuijenga. Maana ndizo hizo, wala hazina ugumu.

Ugumu umetoka kwa Warumi. Kambi yao ya jeshi waliiita castrum, na neno hilo likashika njia mbili. Moja ilielekea mashariki, ikapita kwa Wagiriki na Waaramu wa Shamu, ikaingia Kiarabu kwa sura ya qasr. Huko neno likavua silaha, likawa nyumba ya mfalme, na ndilo kasri letu. Njia ya pili ilibaki magharibi. Warumi wenyewe walilidogosha neno wakapata castellum, boma dogo la askari, na kutoka hapo Wafaransa wakapata château na Waingereza castle. Kwa hiyo castle na kasri ni watoto wa ukoo mmoja, na anayefasiri moja kwa jingine ana udugu huo wa kujitetea nao. Lakini ndugu wawili hawawi mtu mmoja. Wafaransa wenyewe lilipowachanganya iliwabidi waongeze neno: wakitaka ngome husema château fort, kwa sababu château tupu laweza kuwa jumba la shambani lisilo na hata tundu la bunduki.

Nasi pwani tumechanganya tangu zamani, lazima niseme ukweli. Husuni kwa asili yake ya Kiarabu ni ngome. Lakini Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, ina vyumba zaidi ya 100 na kidimbwi cha kuogea chenye pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Hilo ni kasri kwa kila kipimo, limebeba jina la vita. Gereza nalo limetangatanga mbali zaidi. Limetoka kwenye igreja ya Wareno, yaani kanisa, likahamia kwenye ngome, kisha likaingia jela. Ndiyo maana ngome ya Kilwa Kisiwani bado huitwa Gereza. (Na wale wanaoita kila nyumba ya kifahari "hekalu", hilo ni somo la siku nyingine. Hekalu ni nyumba ya ibada.)

Anayetaka kuiona tofauti bila kamusi asimame Forodhani, Unguja, aipe bahari mgongo. Mkono wake wa kulia ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa lao. Kuta ni nene, minara ni ya mviringo, juu kuna meno ya mawe ya kujificha nyuma yake. Mkono wa kushoto ni Jumba la Maajabu la Sultani Barghash, la mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Hilo lilikuwa baraza juu ya baraza, limezungukwa na nguzo za chuma, kila ghorofa inavuta upepo wa bahari. Moja limejifunga na jingine limejifungua.

Na kasri halikuumbwa kwa mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Zanzibar bila ridhaa ya Waingereza, alijifungia katika kasri hapo hapo ufukweni, manowari za Waingereza zikafyatua, na haikufika saa moja mambo yalikuwa yamekwisha.

Ulaya ni mizinga hiyo hiyo iliyozaa majumba anayoyatamani mpwa wangu. Ukuta mnene ulipoacha kumlinda mtu, matajiri hawakuwa na sababu ya kuendelea kukaa gizani penye baridi na ngazi za kujipinda. Wakataka mwanga. Bess wa Hardwick alijenga Hardwick Hall miaka ya 1590 kwa madirisha mengi hata watu wakasema lina kioo kuliko ukuta, na kioo wakati ule kilikuwa ghali. Castle Howard likaanza kujengwa 1699, kwa mchoro wa John Vanbrugh, na watu wa ukoo wa Howard wanaishi humo hadi leo. Jina castle lilibaki kwa fahari tu. Highclere Castle nalo lilipewa sura yake ya sasa na Charles Barry kuanzia 1842, karne nyingi baada ya mtu yeyote pale kuhitaji mnara wa kuchungulia adui.

Kwa hiyo wanaosema wanatamani kuishi ngomeni, naamini wanatamani kinyume chake. Wanachokipenda kwenye picha ni dirisha refu, ngazi pana ambayo watoto wa vizazi kumi wameiteremka, bustani inayoanzia mlangoni. Ngome haikuwa na hayo, wala haikutakiwa kuwa nayo.

Nilimwambia mpwa wangu aseme jumba. Kasri pia halifai hapo, kwa sababu mwenye Castle Howard alikuwa lodi na si mfalme. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na Windsor je, mjomba?" Windsor ilianza kama ngome ya William Mshindi katika karne ya 11, na wafalme wakaigeuza makazi kidogo kidogo. George wa Nne hata aliuongezea ule mnara wa mviringo kimo cha mita 9 hivi, ili ngome ionekane ngome zaidi. Hiyo aite ngome au kasri, apendavyo. Mimi sitamkosoa.