Moi hakufuta kifungu cha 2A kwa mdomo

Kuna watu mpaka leo wanaamini eti ile Disemba 1991 Rais Moi alisimama pale Kasarani, Nairobi, mbele ya wajumbe wa chama chake cha KANU, akasema vyama vingi sasa sawa, basi katiba ikabadilika papo hapo. Hapana jamani, Kasarani ulikuwa mkutano wa chama tu. Hiyo 2A iliingizwa kwenye katiba na Bunge 1982, sentensi fupi kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja, KANU, sasa kitu kilichoingia kwa marekebisho kinatoka kwa marekebisho mengine, kwa hiyo ilibidi mswada uende bungeni upate asilimia 65 ya wabunge wote, sio ya wale waliofika siku hiyo. Na kwa vile wabunge wote walikuwa wa KANU, mswada ulipita Disemba hiyo hiyo.

Katiba ya 2010 ni ngumu zaidi kuigusa. Mswada ukipitia bungeni unataka thuluthi mbili Bunge la Kitaifa na thuluthi mbili Seneti, na ukigusa muhula wa rais, haki za watu ama ugatuzi, lazima pia muende refarenda. Njia nyingine ni saini milioni moja za wapiga kura, lakini hiyo ni ya mwananchi, rais hawezi kuianzisha, na BBI, ule mpango wa Rais Uhuru Kenyatta wa kubadilisha katiba, uligonga mwamba hapo hapo Mahakama ya Juu Machi 2022, licha ya zile kampeni zote.