Yangshuo peke yako: mtandao upo, simu yako ndo haijajiandaa

Wiki hii tena. Dada mmoja kamaliza kununua mzigo wake hapa Guangzhou, kabakiwa na siku nne, anataka kwenda Yangshuo, ule mji wa milima ya mawe kule mkoa wa Guangxi, peke yake akapande miamba na kuzunguka na baiskeli, nikamuuliza Alipay, ile apu ya Kichina ya kulipia kwa simu, umeshafungua? Akanijibu kama walivyonijibu wote kabla yake: "Kaka, si naenda kijijini, huko simu ya nini, nabeba cash yangu tu." Aisee. Nawapangia watu hizi safari na hii sentensi nimeichoka, ngoja niandike mara moja niwe natuma tu.

Kijiji cha kule sio hicho ulichonacho kichwani. Bibi anauza mabalungi kando ya mto Yulong, kofia ya mianzi kichwani, vikapu viwili vinaning'inia kwenye mti begani, na kwenye kikapu kimoja kafunga kile kimraba cha QR kimepigwa laminesheni. Unaskani, simu yake inatamka kwa sauti kiasi kilichoingia, anaanza kukumenyea. Noti kisheria hawezi kuikataa, sawa, ila mpe noti ya 100 kwa balungi moja uone, chenji hana, ataenda kuzunguka kwa wenzake wote nao hawana, mwisho mnabaki mnatazamana. Na dola ndo kabisa, kule ni karatasi tu mpaka uifikishe benki na pasipoti yako. Mimi nawaambia watu wabebe yuan kama 500 za noti ndogondogo za dharura, basi.

Kwa hiyo mtandao upo, tena unashika mpaka katikati ya mashamba, ila sio mtandao wa apu zako. Ukiweka laini ya China au ukitumia waifai ya gesti, WhatsApp hakuna, Google hakuna, Instagram hakuna, China imezizuia. Hapo ndo wanapokuja na ile nyingine inayoniumiza zaidi, "nitapakua VPN nikifika", yaani ile programu ya kuruka hilo zuio. Utaipakulia wapi? Play Store yenyewe haifunguki! Vitu vyote hivi vinafanyika ukiwa bado nyumbani. Alipay unaweka picha ya pasipoti, unaunga kadi ya Visa au Mastercard, unawaambia benki yako waifungue kwa manunuzi ya nje. WeChat, apu yao ya kuchati na kulipia, ndo uianze mapema zaidi maana akaunti mpya mara nyingi inadai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe, sasa ukiwa peke yako porini utamtoa wapi. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hayakatwi ada, yakizidi wanakata asilimia 3. Na ukitaka WhatsApp ifanye kazi bila kuhangaika, nunua bando la romingi la laini yako ya nyumbani au eSIM ya nje, kwa sababu data ya romingi inapitia kwa kampuni ya nje kwanza, ule uzio wa China unaozuia apu haikutani nao.

Ramani nayo. Google Maps kwa China inakupeleka pembeni, China inatumia vipimo vyake vya ramani, unaweza ukajikuta mita mia kadhaa kutoka unapokwenda, ng'ambo ya mto. Tumia Gaode, apu ya ramani ya Wachina wenyewe.

Halafu stesheni. Watu wanaamini ukishuka stesheni ya Yangshuo umefika Yangshuo. Hujafika! Stesheni iko Xingping, mjini ni kama kilomita 30 mbele, unahitaji basi au teksi. Kuna kaka mmoja alishuka pale usiku, simu haisomi kitu, jina la gesti kaliandika kwa herufi zetu hizi, kila dereva anaangalia anatikisa kichwa. Ndo maana mimi kila mteja nampa karatasi, KARATASI, yenye jina la gesti, anwani na namba ya simu kwa maandishi ya Kichina, wananicheka lakini karatasi haiishi chaji. Ila ukishafika Xingping ushuke kabisa ukaione ile sehemu ya mto Li iliyopo nyuma ya noti ya yuan 20, kila mtu pale kanyanyua noti anapiga picha, na wewe utanyanyua tu.

Na mengine ninayoambiwa kila siku. "Mwanamke peke yake ataibiwa." Kitakachokuumiza ni skuta ya umeme, sio mwizi. Mnakodi bila kuuliza. Zile ndogo zenye pedeli zinazoishia kilomita 25 kwa saa zinahesabika baiskeli, zile kubwa ni pikipiki na zinataka leseni ya China, leseni ya kimataifa kule haitambuliki, ukianguka uone bima itakavyokugeuka. Watakaokusogelea wanataka selfi, ni ushamba tu, ukichoka sema "bu yao", yaani sitaki, uendelee na safari.

"Nitalala kwa rafiki niliyempata njiani, ni bure." Sawa, ila ndani ya saa 24 uwe umejiandikisha polisi. Hoteli inakufanyia yenyewe, kwa mtu binafsi mnaenda wenyewe.

"Nikitoka hapo nachomoka Tibet." Peke yako huwezi, kule mgeni anaingia kwa kibali na mwongozaji.

"Kuna ile ya kupita siku 10 bila viza." Ipo, kwa nchi zilizoorodheshwa. Tanzania haimo, Kenya haimo, tafuteni viza.

Na msije mwezi wa tano au wa sita mkanilalamikia mvua, maji yakijaa zile chelezo za mianzi zinasimamishwa na miamba inateleza. Mimi napeleka watu kuanzia katikati ya Oktoba, ile wiki ya kwanza Wachina wote wako likizo, hata tiketi ya treni huipati.

Yule dada nilimkalisha chini akafungua Alipay palepale. Namba ya uthibitisho ikatumwa kwenye laini yake ya Tanzania, na laini alikuwa kaiacha Kariakoo kwa mdogo wake. Hapa saa mbili asubuhi, Dar saa tisa usiku. Tulipiga simu mara sita, ya saba akapokea, na namba ilikuwa imeshaisha muda.