Mazoezi hayashushi sukari kila mara

Jamani hii ya kumwambia mtu wa kisukari aina ya kwanza "sukari imepanda, kakimbie kidogo itashuka" tuiache, ni hatari kweli. Mwili wake hautengenezi insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, sasa kama sukari iko juu ya 14 (mmol/L) na insulini haitoshi, misuli haiwezi kuitumia vizuri, ini nalo linazidi kumwaga nyingine kwenye damu, afu mwili unaanza kuchoma mafuta na ketoni, yani tindikali zinazotokana na hayo mafuta, zinapanda. Hapo apime ketoni kwanza, zikiwepo hakuna mazoezi, afuate maelekezo ya daktari wake kuhusu insulini.

Hata sukari ikiwa sawa, mbio fupi za kasi au kunyanyua vyuma vinaweza kuipandisha kwa muda sababu ya adrenalini, homoni inayolifanya ini limwage sukari, yani usikimbilie kuchoma dozi kubwa ya insulini kuirekebisha, maana baadaye mara nyingi inashuka yenyewe. Kutembea au jogingi ya taratibu ndo mara nyingi inashusha, na inaweza kuendelea kushuka mpaka masaa 24 baada ya mazoezi, hata usiku umelala, hapo ndo wengi hawajui kabisa. Kwa hiyo pima kabla, katikati, baada na kabla ya kulala, ikiwa chini ya 5 kula kitu kwanza, na glukosi, ile sukari ya kula haraka ikishuka sana, isitoke mfukoni.